Nyumba Niliyobadilishana na Zoraida

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu siku hizi ni ya kuku mgonjwa na sitaki kurudia maneno. Leovigildo, acha kukagua dari, najua inavuja. Idalmis, kaa hapa kitandani, usiniogope, kufa hakuambukizi. Mmenikuta nimelala katika nyumba ya Zoraida Pentón, mwanamke ambaye tangu mkiwa wadogo niliwakataza hata kufuata mpira ukiangukia uani kwake, na mmeduwaa wote wawili kama watu waliokuta nguruwe juu ya paa. Basi sikilizeni, akili zangu ni timamu: hii si nyumba ya Zoraida tena, ni yangu. Nimebadilishana naye nyumba kwa nyumba mbele ya mwanasheria, kama watu wa hapa Remedios walivyobadilishana tangu zamani. Yeye kachukua ile yetu ya vyumba vitano, nami nimechukua hii ya viwili.

Usigune, Leovigildo. Kagune ofisini kwako Havana, kule wanakolipwa kukusikiliza.

Mnajua katika nyumba ile nililaza wageni, Wakanada na Waitalia, nikawapikia wali na maharage meusi, na wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nami nilipona kwelikweli. Halafu wewe Leovigildo ukapanda cheo wizarani, nikakuchinjia nguruwe, na kabla mafuta hayajakauka kwenye sahani, serikali ya Marekani ikaiandika nyumba yangu katika orodha ya mahali ambapo watu wake hawaruhusiwi kulala, kisa mwenye nyumba ni mama wa mkubwa. Lo! Nyumba ya Otilia Carrazana, imeandikwa chini ya mahoteli ya serikali yenye mabwawa ya kuogelea! Nilicheka hadi nikakaa chini. Mimi ninayefua shuka kwa mkono, leo dola nzima inanihofia! Nilikwenda sokoni kifua mbele, nikataka nipishwe kwenye foleni ya mayai. Hawakunipisha.

Tena angalieni ujanja wao. Hawakuchukua kijiko, hawakufunga mlango, hawakushika mali ya mtu, na Wakanada wakaendelea kuja. Waliwaambia watu wao tu: pale msilale. Nikasema, hiyo nayo ni adhabu? Fimbo ya mbali haiui nyoka! Kumbe nilijisifu mapema, maana katika hao watu wao wote, mmoja alikuwa binti yangu.

Ukaja Desemba ile, Idalmis, na masanduku yako, umeshaapa kuwa raia wa Marekani, una leseni yako ya uuguzi, ukasimama mlangoni ukaniambia, "Mama, siruhusiwi kulala kwako." Nikadhani unatania. Nikakwambia, "We mtoto, ulilala tumboni mwangu miezi tisa, nani alikupa kibali?" Ukalia. Sikukulaumu, maana anayekula kwa leseni huilinda leseni. Ukapanga chumba mtaa wa pili, ukawa unakuja asubuhi kunywa kahawa na jioni unaniaga kama mgeni, mwaka huo na kila mwaka uliofuata. Mama mwenye vyumba vitano, binti yake analala kwa watu! Nasema wazi, liliniuma kuliko ugonjwa huu, na nilijiapiza kwamba sitakufa kabla mwanangu hajalala chini ya paa langu.

Nanyi badala ya kunihurumia mkageukiana mezani, huyu anasema acha cheo, yule anasema warudishie pasipoti yao, mpaka chakula kikapoa na mimi nikakosa hamu. Sikilizeni wanangu: iko serikali inayompiga mtu, na iko inayowaambia wenzake wasikae naye, na hii ya pili haiachi alama, ndiyo maana wanaoumia hutafutana uchawi wao kwa wao. Msiifanyie kazi hiyo bure.

Basi daktari aliponishauri nisijisumbue kununua viatu vipya, nikaamua. Nikavuka uzio, mimi mtu wa mtaa wa San Salvador, nikagonga mlango wa mtu wa mtaa wa Carmen! Ugomvi wetu mnaujua. Krismasi moja mitaa yetu inashindana kwa fataki kama kawaida, fataki ikaanguka kwenye kamba yake ikaunguza shuka za harusi, naye mpaka leo anasema ilitoka kwetu. Fataki haina jina, nasema mimi. Akafungua, akanitazama juu mpaka chini: "Otilia, umekuja kuomba chumvi au kuniunguzia tena?"

"Nimekuja kukupa nyumba."

Akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Nilipomweleza habari zako, Idalmis, akajifuta macho kwa aproni. Kisha akauliza, na orodha je? Nikamwambia orodha inabaki na nyumba. "Ebo! Wanangu mimi wote wako hapa wananimalizia mchele. Waniandike hata mara mbili!" Tukacheka mpaka nikakosa pumzi, akanipepea kwa mfuniko wa sufuria. Miaka yote hiyo nilikuwa na shoga ng'ambo ya uzio, nikamfanya adui.

Mtasema, wakigundua nimehamia huku si wataiandika na hii? Wataiandika. Lakini serikali, wanangu, ni nzito kunyanyuka, na mimi nina haraka.

Haya, wosia wangu ni huu. Nyumba hii ni ya Idalmis. Leovigildo, jina lako lisiukaribie mlango huu hata kwa chaki. Wewe nakuachia viti vya bembea, jokofu, na jogoo wangu, usimchinje. Na dari utaitengeneza kwa mikono yako, sio kutuma watu. Zoraida mpeni shuka zangu za kitani, na mumwambie si kwa ajili ya fataki, ni kwa kuwa sasa ana vitanda vingi. Siku ya kunizika tarumbeta ziwe za San Salvador, na zikipita mtaa huu wa Carmen zipulizwe kwa nguvu zaidi. Zoraida atangulie mbele. Akinuna, mwacheni anune, ndivyo anavyopenda watu.

Nipeni maji... Asante. Mungu awaweke, wanangu. Awape meza moja. Awape... kucheka, hata mkiandikwa. Msisusiane. Mkisusiana nitawatokea, nawaambieni.

Leovigildo, nibusu. Nenda kale, baba, Zoraida kakaanga ndizi... Funga dirisha, jua kali.

Idalmis. Vua viatu. Panda... huku, upande wa ukutani, usije ukaanguka. Eeh. Hapo hapo. Miguu yako baridi... kama ya marehemu baba yako. Lala, mwanangu. Mimi sina usingizi... nakutazama tu.