Miwani ya Dereva na Utepe wa Mama Skrini

Nauza kahawa hapa kwenye kona na benchi ni langu, ndiyo maana kila ugomvi wa mtaa huanzia kwenye birika langu. Asubuhi hiyo Dereva alikuja amevimba kwa hasira, na miwani yake ya jua usoni. Hata kivulini haivui. Jana Mama Skrini, fundi wa simu mwenye meza hapo pembeni, alimbadilishia kioo, na kufikia jioni Dereva alikwisha kutangaza mtaa mzima kwamba kaharibiwa simu. Leo hakuna mteja hata mmoja aliyesogea kwa mama wa watu. Iliniuma.

— Nyeusi tii, akasema Dereva. Nikiishika wima sioni kitu.

Kinyozi, jirani yangu, akaichukua simu.

— Mbona inawaka?

— Inakuwakia wewe. Mimi inaninunia.

— Basi imekuzira. Umeikosea nini?

Bingwa, dalali mstaafu anayejua kila kitu, akatikisa kichwa.

— Huo ni mtandao. Wamekuzimia wewe peke yako. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na wewe simu unaiweka mfuko wa shati.

— Au macho yake yameisha chaji, akasema Kinyozi.

Mama Skrini hakucheka.

— Baba, lete simu. Na miwani usivue.

Akakata utepe ule angavu wa kufungia maboksi, akaubandika mshazari juu ya kioo.

— Haya, tazama.

Dereva akatazama. Akafuta miwani kwa kidole, akatazama tena.

— Chini ya utepe nawaona wajukuu zangu. Kwingine giza. Umetia dawa gani?

— Dawa hakuna. Mwanga wa kioo hiki kipya unatikisika kwa kulala, na miwani yako inapitisha unaotikisika kwa kusimama tu. Utepe unaugawa mwanga sehemu mbili, nusu moja inacheleweshwa kidogo. Zikiungana tena, mwanga umegeuka, umesimama. Miwani inauruhusu.

— Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako, akasema Bingwa.

— Mwanga umechelewa, Mzee, na Dereva kakuta wajukuu ni wake, akasema Mama Skrini.

Benchi zima likaangua kicheko, miwani ikapita mkono kwa mkono, kila mtu anataka kuona. Nikammiminia Mama Skrini kikombe cha bure, na mimi si mtu wa kutoa vya bure.

Hapo akatokea dada mmoja, simu mkononi.

— Samahanini. Nasikia hapa kuna fundi anaharibu simu za watu. Ni yupi, nimkwepe?

Dereva akainuka, akamvutia dada kiti mpaka kwenye meza ya Mama Skrini.

— Fundi ni huyu, mwanangu, mpe simu. Aliyeharibu ni mimi, kwa mdomo wangu.