Mama Kaskazini na Mto Uliopanda Mlima

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mhariri wa jarida letu la jiografia anastaafu. Wengi wenu hamlijui jina lake la kwenye cheti, wala si kosa lenu. Hapa kazini ni Mama Kaskazini, kwa sababu hakuna ramani iliyowahi kupita mezani kwake bila mshale wa kaskazini. Maprofesa wazima wamerudishiwa kazi zao kama watoto waliosahau kuandika tarehe.

Alikuja akiwa mpiga chapa, jarida likiwa bado kurasa chache za durufu, zilizoanzishwa na walimu wa jiografia waliochoka kubishana bila kuandika. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chini ya ngazi, na kila aliyepanda alimpigia ngoma kichwani. Wino uliingia hadi kwenye chai. Kifungua mimba wake alilazwa mchana ndani ya droo ya ramani za mito; leo ni baba wa watu na bado anapotea njia mjini. Mama akawa msahihishaji, kisha mhariri, na zile durufu zikawa jarida lenye jalada la rangi, linalofika mbali kuliko sisi wenyewe tulivyowahi kusafiri.

Lakini mganga hajigangi. Mwaka mmoja uongozi ulitangaza kwamba jarida litafungwa, eti halina wasomaji. Toleo la mwisho lilikuwa mikononi mwake, na siku hizo ramani zilibandikwa kwa gundi. Macho yakiwa yamejaa machozi, akaibandika ramani ya bonde kichwa chini miguu juu. Mto ukapanda mlima. Tulipogundua, nakala zote zilikuwa zimeshatumwa, naye akakaa sakafuni akisema amelizika jarida kwa mikono yake mwenyewe.

Wiki iliyofuata wajumbe wa uongozi walikuja kutia saini hati ya kulifunga jarida. Ukumbi ulikuwa unapakwa rangi, hivyo wakabanana ofisini kwake. Kabla kikao hakijafunguliwa, simu ikalia: mpima ardhi, kakasirika. Ikalia tena: mwalimu wa sekondari, darasa zima limemcheka. Halafu bibi mmoja, akitaka kujua mto wa kwao umeanza lini kupanda mlima. Mwenyekiti ndiye aliyekaa karibu na simu, kwa hiyo ndiye aliyeomba radhi kwa niaba ya jarida alilokuja kuliua, jasho likimtiririka. Sisi tulikuwa tunajiuma midomo tusicheke.

Hapo Mama Kaskazini akasimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, hao wote wanaolalamika, wameisoma wapi hiyo ramani?"

Simu ikalia tena, na kalamu zikarudi mifukoni.

Nyumbani anasubiriwa na mumewe, fundi saa, mtu mpole ambaye ameshaarifiwa kwamba vyombo vyote vitapangwa upya. Pole, shemeji. Sisi ametupanga miaka yote hiyo, sasa ni zamu yako.

Toleo lijalo liko kiwandani, la kwanza kuchapwa bila mkono wake, na tunaogopa, hatufichi. Asante, Mama, kwa kutuachia jarida lililo hai. Kapumzike, ulale mpaka uchoke kulala, afya na furaha zikuandame na wajukuu wakuchoshe vizuri. Kuanzia sasa wewe ni msomaji wetu. Tukikosea, tafadhali lalamika.