Madam Gatakaa, Aliyevusha Makala Laki Nne Kutoka Meru Hadi Embu

Mimi naitwa Bundi, na najua watu wa pwani wakisikia jina hilo hutazama paa kama kuna ndege ametua. Wasijisumbue. Hakuna mtu katika Shirika la Habari za Mkulima mwenye mkono wa bahati kama wangu. Miaka ishirini na mbili nimeendesha gari la ofisi, nimefika Mombasa, Kampala na hata Arusha mara mbili, na hakuna kitu nilichowahi kugusa hapa kikaharibika. Ndiyo maana nimepewa nafasi ya kuandika kuhusu mtu mkubwa.

Mtu huyo ni Madam Felicitas Gatakaa, mzaliwa wa Kanyakine, ambaye tarehe 28 Novemba 2025 anastaafu baada ya kulitumikia shirika miaka thelathini bila kukosa hata Jumatatu moja, isipokuwa ile aliyojifungua mapacha.

Aliajiriwa mwaka wa 1995 kama karani wa kupiga chapa. Siku hizo ofisi ya Meru ilikuwa na kompyuta moja tu, imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama redio ya mkwe. Madam alikifunua kitambaa, akaketi, na mpaka leo hajainuka. Alijifunza kuandika amri kwenye ile skrini nyeusi isiyo na picha wala kitu cha kubonyeza, herufi tupu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini nimekaa na maprofesa kwenye gari, na nawaambia wengi wao wakiona skrini hiyo wanaomba maji ya kunywa.

Kazi yenyewe ni hii. Shirika lina makundi ya habari: kundi la mbuzi, la ndengu, la kahawa, la makadamia, na mengine. Mkulima wa Kiritiri anauliza swali kupitia afisa wetu, mwenzake wa Ishiara anajibu, na kila swali na kila jibu ni makala yenye namba yake isiyofanana na nyingine. Makala ya huku yanakaa kwenye seva ya Meru, ya kule kwenye seva ya Embu. Kila siku Madam aliyafunga mafungu mafungu, akaandika amri yake, na mafungu yakavuka mto Thuci kwa waya. Seva ya Embu, kabla ya kupokea makala, huulizwa kwanza: unayo hii? Ikisema ninayo, hiyo inakataliwa, inayofuata inaletwa. Kwa njia hiyo hakuna kitu kinachoingia mara mbili.

Vijana walimcheka. Waliuliza kwani WhatsApp imekufa. Madam aliwajibu, "Nitafutie kwenye simu yako jibu la mwaka 1998 kuhusu kupe, nami nitastaafu leo." Hakuna aliyetafuta.

Lakini kilichomtia kwenye historia yetu ni wiki moja ya Septemba mwaka jana. Seva ya Meru ilikuwa imezeeka, inanguruma kama posho mill inayosaga kokoto. Kamati ya shirika ikaamua izimwe Ijumaa saa tano asubuhi, na kila kitu kihamie kwenye mashine mpya ya Embu, iliyokuwa bado tupu. Ambacho hakitakuwa kimevuka kitaachwa. Hayo yalikuwa makala laki nne na elfu kumi na mbili, karibu miaka thelathini ya maswali ya wakulima, na karibu miaka thelathini ya Madam pia, maana hana kitabu kingine alichoandika maishani.

Meneja wetu, Bwana Murungi, alijaribu kwanza kuyanakili kwa kubonyeza picha. Mashine ikaganda. Alipoinuka kitini, Madam alikaa pale pale, akayagawa makala yote mafungu 824, kila fungu makala mia tano. Kisha akaandika amri moja ndefu kama orodha ya mahari: tuma fungu, subiri Embu wahesabu, hesabu zikilingana nenda kwa linalofuata, zisipolingana rudia lilo hilo.

Jumatatu na Jumanne mafungu yalitiririka. Bwana Murungi akashauri yale yaliyokwisha kuvuka yafutwe Meru, ili ile seva mzee ipunguziwe mzigo. Madam akakataa. "Mimi sifuti kitu mpaka kazi yote ihesabiwe," akasema. "Hata sufuria ya jirani huwezi kusema umerudisha mpaka yeye aione." Meneja alikasirika kidogo, lakini meneja aliyekasirika hunyamaza na kunywa chai, kwa hivyo hakukuwa na hasara.

Jumatano mvua ikanyesha na laini ikawa inakatika. Kila ilipokatika fungu lilirudiwa, na seva ya Embu ikawa inayakataa yale makala iliyokuwa nayo tayari, kama ilivyofundishwa. Sasa upande wa Embu alikuwa Ngari, kijana mpole wa kutoka Ishiara, mwenye heshima hata kwa milango. Aliona skrini imejaa: imekataliwa, imekataliwa, imekataliwa. Moyo ukamuuma. Mtu mmoja aliyekuwa pale ofisini bila kazi akamshauri, "Ngari, mgeni ametoka Meru na mzigo, wewe unamhoji mlangoni? Ondoa hicho kizuizi, aingie." Ngari akaona huo ni utu. Akakiondoa.

Basi kila kitu kikaingia, chenye pacha na kisicho na pacha. Hesabu ya Embu ikazidi mia tano, hazikulingana, amri ya Madam ikarudia fungu. Zikazidi tena, ikarudia tena. Embu wakapokea fungu lile lile moja kwa ukarimu hadi asubuhi, na Alhamisi saa mbili diski ya mashine mpya ilikuwa imejaa pomoni na kusimama.

Bwana Murungi alishika kichwa. Madam aliomba simu. "Ngari wangu," akasema, sauti imetulia kama ya mtu anayechagua maharagwe, "umefungua mlango wa zizi, sasa unashangaa mbuzi wa watu wako ndani?" Ngari alitaka kulia. Akamwambia asilie, asome hesabu. Wakarudi nyuma pamoja mpaka fungu la 400, mahali ambapo pande zote mbili zilikubaliana bila shaka. Kila kilichoingia Embu baada ya hapo kikafutwa, kizuizi kikarudishwa, na amri ikaanza upya kutoka 401. Iliwezekana kwa sababu Meru hakukuwa kumefutwa hata makala moja. Bwana Murungi mwenyewe aliliona hilo, akaenda kumletea Madam chai kwa mkono wake.

Alhamisi alikesha na hesabu mpaka saa kumi na mbili jioni, akaiacha amri iendelee yenyewe usiku. Ijumaa alfajiri alikuwa mlangoni kabla ya askari. Saa nne na dakika arobaini fungu la 824 likahesabiwa: mia tano kwa mia tano. Mbele ya kamati akaitisha kutoka Embu makala ya kwanza kabisa, swali la mwaka 1996 la mzee Mbaka wa Kiritiri kuhusu mbuzi wanaokohoa. Likaja, na jibu lake chini. Kamati ilisimama kupiga makofi. Madam alingoja saa tano ifike, akaizima mashine ya zamani kwa kidole chake mwenyewe, akaifunika kile kitambaa.

Leo Ngari ndiye anayechukua kiti chake, na nimemsikia akimwambia Purity wa mapokezi kwamba hafuti kitu mpaka kihesabiwe. Madam, asante. Nenda Kanyakine ukapumzike, macho yako yaangalie kijani cha migomba badala ya herufi, na siku zako ziwe nyingi na zenye afya.

Kuhusu mkono wangu wa bahati, nilidanganya. Jumatano ile nilikuwa nimepeleka betri Embu. Aliyemwambia Ngari aondoe kizuizi ni mimi. Madam alijua siku hiyo hiyo, na hajamwambia mtu.