Aliyengoja Neno "Ila"

Tarehe 30 Juni, Idara ya Saikolojia inamuaga Bi Ila baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Jina lake rasmi limo kwenye kadi za mwaliko. Hapa tutumie hili alilolitolea jasho.

Alilipata mapema. Utafiti wake wa kwanza kuhusu afya na uzee ulileta matokeo ya ajabu: wazee wote walikuwa wazima! Wenye presha wazima, wenye kisukari wazima, hata babu mmoja aliyehojiwa akiwa na dripu mkononi. Wasaidizi walikuwa wameuliza habari za afya, nao wazee, watu wenye adabu zao, wakajibu nzuri. Wasaidizi wakaandika nzuri, wakaaga. Bi Ila alicheka hadi machozi, kisha akazitupa hojaji zote na kuanza upya.

Tangu hapo alikwenda mwenyewe. Akishajibiwa nzuri, alinyamaza. Alimenya viazi na mwenyeji wake, akamshikia uzi wa kufuma, mpaka mzee ashushe pumzi na kusema, "Ila..." Hapo ndipo kalamu ilipotoka. Vijana wetu wenye haraka walimcheka: mtu gani anamaliza asubuhi nzima kwa bibi mmoja? Lakini makala zake ndizo walizozinukuu ili wapandishwe vyeo.

Mwaka jana, alipokaribia kustaafu, wakubwa waliuhamishia utafiti wake kwenye simu inayopiga yenyewe. Bonyeza moja kama afya ni nzuri, mbili kama ni mbaya. Bi Ila aliomba aendelee kuwatembelea wazee wake bure, kwa nauli yake mwenyewe. Akaambiwa apumzike, ametumika vya kutosha.

Haya, simu zikaanza kupigwa. Bibi mmoja mshonaji, mjane, ambaye Bi Ila alimfuatilia tangu akiwa na meno yote, alibonyeza moja. Angebonyeza nini? Mashine imekujulia hali, utaanza kuilalamikia? Wiki hiyohiyo jirani alimkuta sakafuni amefariki. Jikoni hamkuwa na kitu. Bi Ila alikwenda mazikoni. Idara ilituma salamu za rambirambi. Katika ripoti yetu mpya bibi yule bado anahesabiwa miongoni mwa wenye afya njema.

Ripoti hiyo imesifiwa sana. Mtasikia ikisomwa leo, baada ya keki, na inasemekana inathibitisha kuwa wazee wetu wanaendelea vizuri kuliko wakati wowote.

Dada yetu, asante kwa kazi, kwa uvumilivu na kwa vicheko vyako vya koridoni. Mungu akupe siha na umri mrefu katikati ya watu wanaokupenda. Idara hii ilikukosea wewe, ikawakosea na wazee wako. Nimeombwa niandike maneno mazuri ya kukuaga, na hayo ndiyo ya kweli niliyokuwa nayo.