Saa Moja, Mlezi wa Nzi

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kukaa nasi, tunamshukuru Mungu aliyetufikisha hapa, na familia inaomba mtuvumilie tukisoma polepole.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Saa Moja zaidi ya jina alilopewa na wazazi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mabati, akiwa mtoto wa tatu wa fundi viatu na mshona mashuka. Alisoma shule ya msingi iliyo kando ya reli, akamaliza mwaka 1972, kisha akaendelea na sekondari hadi mwaka 1976, akafanya kazi ya stoo katika duka la vifaa vya ujenzi, mpaka tarehe 3 Septemba 1984 alipoajiriwa katika maabara ya chuo kulea nzi wa matunda, wale wadogo wanaozunguka ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Aliwapikia uji wa unga wa mahindi, sukari na hamira, akawamiminia katika chupa na kuziba kwa pamba, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuwapa mwanga saa kumi na mbili na giza saa kumi na mbili, bila kukosea, maana wakubwa wake walichunguza jinsi mwanga unavyoiongoza saa iliyomo ndani ya mwili wa kiumbe. Mwanzoni kabisa aliambiwa taa ziwake saa moja, naye akazungusha kisahani cha mtambo unaowasha taa hadi kwenye namba moja badala ya namba saba, taa zikawa zinawaka usiku wa manane, na juma zima watafiti walipofika asubuhi waliwakuta nzi wametulia kama watu waliokwisha kurudi kutoka sokoni. Kosa lilipojulikana alikunja koti lake la kazi akangoja kufukuzwa, lakini mtafiti mkuu, mama mmoja mkali, alikitazama kile kisahani akacheka, akasema, "Nzi wamefuata taa, tuliochelewa ni sisi," na jina la Saa Moja likamkaa tangu siku hiyo.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na mkewe, mshonaji wa sare za shule, ingawa mama mkwe aliuliza mbele ya watu, "Sisi tunawafukuza kwa kitambaa, huyu analipwa kuwalea?" Mungu aliwajalia watoto wawili, binti mwaka 1988 na mwana mwaka 1992, ambao walilazwa mapema na kuamshwa mapema, na walipolalamika, "Baba, sisi si nzi," aliwajibu kuwa nzi angalau hawabishi.

Mezani alipenda kueleza kuwa nzi wale huchangamka mara mbili kwa siku, mapambazuko na machweo, na kwamba hata wakiachwa gizani siku nyingi huamka karibu na wakati wao, ila kidogo kidogo saa yao huteleza, kwa kukosa mwanga wa kuirekebisha. Neno hilo la kuteleza ndilo lililokuja kumnyima raha. Alistaafu mwaka 2018, na kisukari alichokuwa nacho kwa miaka mingi kikala macho yake, hata ilipofika Novemba 2020 hakuweza tena kujua kama taa imewashwa au imezimwa. Alianza kusinzia mchana na kuvaa shati la kutokea watu wakiwa wamelala, akaogopa, akamwambia mkewe, "Mama watoto, nifiche mengine yote, lakini usinidanganye saa, maana sina pengine pa kushika." Mkewe aliahidi, na tangu hapo hakuwahi kumjibu kwa kukisia, alisimama kwanza mbele ya saa ya ukutani, kila asubuhi akafungua dirisha ili asikie wanafunzi wakipita, akamwekea kikombe mkononi ndipo akamtajia saa.

Tarehe 28 Mei mwaka huu wa 2024 alilazwa hospitali, figo zikiwa zimechoka, na Jumanne tarehe 11 Juni, watoto wote wawili wakiwa safarini na wakitarajiwa kesho yake asubuhi, alishinda akisema anaomba afike asubuhi tu, na kila alipozinduka aliuliza saa. Jua lilipokwisha kuzama aliuliza tena, mkewe akatazama ukutani, akamjibu, "Saa moja." Marehemu akashusha pumzi, akasema, "Basi kumekucha, watoto wako karibu," na kabla mkewe hajamalizia neno lililobaki alikuwa amekwisha kugeuza uso kuelekea dirishani, kama alivyofanya asubuhi zote za nyumbani, na hapo akatutoka.

Tangu jioni ile shemeji yetu, mke wa marehemu, hajalala, anatuuliza mmoja mmoja kama alivunja ahadi, akisema kinywa chake kilichelewa. Familia imekaa, imeomba, na inasema mbele yenu nyote na mbele ya Mungu, kwamba aliulizwa saa akaitaja, nayo ilikuwa saa moja kweli, na asubuhi aliyoiona mumewe si sisi wa kuikanusha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliopokezana zamu za kumsomea magazeti, na wenzake wa maabara, ambao wametuambia kuwa leo taa za nzi zimewaka kwa wakati wake.

Pumzika kwa amani, Saa Moja, nawe mama watoto, leo ulale.