Antipasi Kiula na Shimo la Sita

Nawaomba radhi, wanachama na wafanyakazi wenzangu, kwa ukimya wa jarida hili tangu mwezi wa tatu. Nilikuwa nikisubiri kamati iamue jambo la shimo la sita ili niwaandikie habari mbili kwa pamoja: uamuzi huo, na kustaafu kwa Bwana Antipasi Kiula. Uamuzi haujafika. Tarehe ya kustaafu imefika.

Bwana Antipasi, Msimamizi wa Uwanja wa Gofu wa Mawe Mapana, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu akiwa na umri wa miaka sitini, baada ya kuitumikia klabu yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Alizaliwa Ulemo, wilayani Iramba. Alikuja hapa Unyambwa akiwa fundi uashi, na vifaa vyake vilikuwa mwiko, kamba na pima maji. Aliajiriwa kujenga ukuta wa jengo la klabu. Ukuta ulikwisha, yeye hakuondoka.

Wakati huo tulikuwa na mashimo tisa tu, na grini zetu, yaani zile sehemu za kuingizia mpira shimoni, hazikuwa na jani hata moja. Zilikuwa mchanga uliomwagiwa oili chafu, na kila kundi la wachezaji lilipomaliza lilipaswa kuusawazisha kwa kipande cha gunia. Bwana Antipasi alijifunza kuotesha nyasi kwa kuuliza, kwa kusoma na kwa kuharibu. Grini ya pili aliiotesha mara tatu kabla haijakubali. Mashimo tisa ya nyongeza, likiwamo lile ambalo sasa ni la sita, aliyapanga yeye pamoja na kamati ya wakati ule, na majabali yaliyowashinda kuyaondoa waliyafanya kuwa sehemu ya mchezo.

Ni yeye aliyeanzisha matembezi bila fimbo. Jioni ya kuamkia kila shindano, wageni huacha mifuko yao barazani na kumfuata shimo kwa shimo, naye huwaeleza namna ya kulicheza kila moja. Asiyemfuata hujulikana kesho yake.

Shimo la kwanza linateremka, na mgeni hudhani amepewa zawadi. Bwana Antipasi humwonya kwamba mpira ukipigwa kwa nguvu zote utapita grini na kulala kwenye miba. Apige kwa fimbo fupi, na mteremko ufanye kazi iliyobaki. Shimo la tatu limebanwa na majabali mawili. Anayelenga katikati hupotea, kwa sababu upepo wa mashariki huusukuma mpira kwenye jabali la kushoto. Inafaa kulenga jabali la kulia bila woga, na upepo utaurudisha mpira njiani. Nyuma ya grini ya kumi na mbili kuna mizinga ya nyuki, na hapo mkakati wake una neno moja: mpira ukipita grini, uache.

Si kwamba hakukosea. Kwa miaka mingi aliwafundisha watu wote kwamba shimo la nne huchezwa kwa kuzungukia kushoto, mbali na jabali. Siku moja Bi Zabibu, mfanyabiashara wa vitenge hapa mjini, aliupitisha mpira juu ya jabali, akamaliza kwa mkwaju mmoja pungufu na kuchukua kombe la akina mama. Bwana Antipasi alinuna hadi wakati wa chai. Katika matembezi yaliyofuata alisimama kwenye kianzio cha nne na kutangaza, "Kuanzia leo shimo hili lina njia mbili, ya kwangu na ya Zabibu. Ya kwangu haina kombe."

Sasa nifike kwenye shimo la sita, ambalo ndilo linalotunyima usingizi.

Shimo hilo ni refu kuliko yote, na kiwango chake ni mikwaju mitano. Bwana Antipasi alilibuni mwenyewe, na hajawahi kuficha kwamba analipenda kuliko mengine. Linaelekea mashariki, upepo ukiwa usoni. Mapito ya ng'ombe yanayotoka Unyambwa kwenda kwenye lambo la kunyweshea hulikata mahali hasa ambapo mkwaju wa kwanza wa mtu mwenye nguvu huishia. Mchezaji makini huuweka mpira wake kabla ya mapito, huvuka kwa mkwaju wa pili akiulinda upande wa kulia, na hufika grini kwa mkwaju wa tatu. Mwenye haraka hupiga hadi mapitoni, kisha huukuta mpira ndani ya alama ya kwato, au pabaya zaidi. Mgeni mmoja aliukuta kwenye samadi mbichi na kuuliza atumie fimbo gani. "Tumia jani kwanza, mzee," Bwana Antipasi alimjibu. "Fimbo tutazungumza baadaye."

Kauli yake kuhusu shimo hilo kila mchezaji wetu anaijua: "Shimo hili linakuuliza swali moja tu, kama unaweza kusubiri."

Kusubiri huko kulianza hivi. Katika miaka ya mwanzo ya shimo hilo ng'ombe waliingia kwenye grini ya sita wakaivuruga. Baadhi ya viongozi walitaka wakamatwe. Bwana Antipasi alikwenda nyumbani kwa mwenye ng'ombe, Mzee Mohamedi Ntandu, akamwamkia, akakaribishwa ugali wa uwele na mlenda, na hakutaja ng'ombe mpaka waliponawa. Mzee Mohamedi ndiye aliyeanza.

"Nyie Wanyiramba mna mambo," alisema kwa utani. "Mnapanda majani, mnayamwagilia, halafu mnakataza yasiliwe."

"Na wewe una ng'ombe wengi usiowachinja," Bwana Antipasi alimjibu. "Basi mambo tunayo wote."

Walikubaliana kwamba wachungaji watapita kwenye njia yao tu na hawatakanyaga grini. Klabu kwa upande wake itainua bendera nyeupe kila kundi la ng'ombe linapofika, na wachezaji watasimama hadi wa mwisho avuke. Hakuna kilichoandikwa. Bwana Antipasi alitoa neno lake kwa niaba ya klabu, na tangu siku hiyo grini ya sita haijapata kwato.

Mwezi wa tatu walikuja wakaguzi wa mashindano. Waliusifu uwanja, nasi tulifurahi. Kisha walifika shimo la sita wakati bendera nyeupe imeinuliwa. Walisimama juani, wakatazamana, na mmoja wao akatazama saa. Taarifa yao ilikuwa fupi. Mawe Mapana unaweza kupewa michuano ya ubingwa mwakani, ikiwa mapito yatafungwa kwa uzio kabla ya mwisho wa Julai. La sivyo, michuano itapelekwa mji mwingine.

Tangu hapo kamati imekaa mara kadhaa bila kuelewana. Mwenyekiti wetu, Bwana Damiani, anasema, na hasemi uongo, kwamba klabu imeisubiri nafasi hii maisha yake yote, na kwamba ng'ombe wanaweza kuzunguka. Njia ya kuzunguka ni ukingo wa barabara kuu ya lami, penye malori mchana na usiku. Wachungaji wanalijua hilo. Sisi pia tunalijua, na ndiyo maana vikao vyetu vinaisha bila mtu kumwangalia mwenzake.

Katika kikao cha mwezi wa tano Bwana Antipasi aliomba kusema. Tulidhani atalitetea shimo lake. Alipendekeza lifupishwe. Kianzio kihamishiwe ng'ambo ya mapito, kiwango kishuke kutoka mikwaju mitano hadi mitatu, na ng'ombe wapite nyuma ya migongo ya wachezaji bila kumsumbua yeyote. Akaeleza namna litakavyochezwa: mpira mmoja wa juu, fimbo namba saba kukiwa shwari na namba tano upepo ukivuma, upande wa kulia wa grini, basi. Alilieleza kwa sauti ile ile anayoitumia kwenye matembezi. Bi Marietha wa jikoni, aliyekuwa akigawa chai, alisimama na birika mkononi mpaka alipomaliza.

Shida ya pendekezo hilo ni kwamba uwanja utapungua urefu, na wakaguzi hawajasema kama wataukubali hivyo. Tumeuliza. Hatujajibiwa. Wakati tunasubiri, nguzo za uzio zimeshaletwa, zimelazwa nyuma ya stoo.

Jumamosi iliyopita tulimfanyia hafla ya kumuaga. Kulikuwa na kuku wa kienyeji, wali na maneno mazuri, na Bi Zabibu alimvisha kitenge mabegani akisema ni fidia ya kombe. Mzee Mohamedi alialikwa, naye alikuja amevaa kanzu. Alipopita nyuma ya stoo aliziona nguzo.

"Antipasi, miti ile ya nini?" aliuliza aliporudi mezani.

Tuliokuwa karibu tulizitazama sahani zetu. Bwana Antipasi hakuitazama ya kwake.

"Ya kukuzuia wewe, kama kamati itataka. Mimi nimewaomba wasitake."

Mzee Mohamedi aliitikia kwa kichwa, akaendelea na kuku wake. Hilo lilitutia hofu kuliko kama angegomba.

Baada ya chakula wanachama walimwomba Bwana Antipasi apige mkwaju wa kuaga kwenye shimo la sita, kutoka kianzio kile kirefu alichokijenga kwa mikono yake. Alikipita bila kusimama. Alivuka mapito, akaenda hadi mahali alipokuwa ameshachomeka vigingi viwili, akachukua fimbo namba saba, akapiga. Mpira ulipanda vizuri sana, ukapinda kidogo, ukatua katika banka, ule mtego wa mchanga, alilolichimba mwenyewe miaka ishirini iliyopita.

"Umelifupisha," Mzee Mohamedi alisema, "na bado halikutaki."

Kila mtu alicheka, Bwana Damiani akiwamo. Tulikuwa bado tunacheka tuliposikia kengele za ng'ombe. Bwana Antipasi alipiga hatua kuiendea bendera, kama alivyozoea, kisha akasita. Alimgeukia Bi Happiness Samweli, anayeshika nafasi yake kuanzia tarehe mosi Julai, akamwonyesha ilipo.

Bi Happiness ni mchezaji hodari, mwalimu wa wasichana wetu na mjumbe wa kamati. Anaitaka michuano hiyo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa wasichana wake hawajawahi kuiona kwa macho, na amelisema hilo wazi kikaoni. Aliitazama bendera. Akamtazama Mwenyekiti, aliyekuwa ameshika kikombe. Kisha akaiinua.

Tulisimama wote, wanaotaka uzio na wasioutaka, na ng'ombe wakapita taratibu kati yetu na kianzio cha zamani. Alipovuka wa mwisho, Bi Happiness alishusha bendera, akaikunja na kuiweka kwapani. Hakusema atapiga kura upande gani, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Bwana Antipasi, tunakushukuru. Umetupa mashimo tisa, nyasi kwenye grini kumi na nane, na desturi ya kutembea kabla ya kupiga. Umewafundisha makedi wetu, wabeba mifuko ya wachezaji, kumwambia mchezaji ukweli hata kama bakshishi itapungua. Tunakutakia afya, mvua za kutosha huko Ulemo, alizeti zinazozaa, na wajukuu watakaokusikiliza kuliko sisi tulivyokusikiliza. Na ukikosa usingizi kwa ajili ya banka lile, jua kwamba Bi Happiness ameahidi kutolifukia.

Kabla hajaondoka aliniomba jambo moja. Kamati itakapoamua, iwe uzio au iwe kianzio kifupi, apewe habari yeye kwanza, kabla nguzo hazijanyanyuliwa kutoka zilipolazwa. Atapanda basi kutoka Ulemo, atashuka Unyambwa, na atakwenda kwa Mzee Mohamedi kwa miguu. "Neno nilimpa mimi," alisema. "Jibu nitampelekea mimi."

Kamati inakaa tena Jumamosi ijayo. Uamuzi ukipatikana nitaandika siku hiyo hiyo, kwanza Ulemo, kisha kwenu.

Abdulrazaki Mosi
Katibu wa Klabu