Chumba Tulimojifunza Kukaa Upya

Risala ya Kikundi cha Magoti Mapya kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali, ikisomwa na katibu wa kikundi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi. Daktari Mkuu na wauguzi wako. Wake, waume na watoto mliotusindikiza. Na nyinyi mliobanana mlangoni kwa sababu viti vimekwisha: salamu nyingi, na poleni kwa joto.

KUKUKARIBISHA

Mheshimiwa, karibu sana. Sisi ni watu kumi na wanne tuliofanyiwa upasuaji wa kubadilishwa magoti katika hospitali hii. Kumi wana goti moja jipya, wanne wana yote mawili na wanaringa. Tunakutana humu kila Jumanne na Ijumaa kujifunza upya mambo ambayo mtoto wa miaka miwili anayajua: kukaa, kusimama, kupanda ngazi, kuokota kitu kilichoanguka.

Risala tuliyokuandalia ilikuwa ya shukrani tupu. Tuliiandaa wiki nzima, ikapigwa chapa, ikawa tamu mpaka mwenzetu Mwalimu Mstaafu, maana humu tunaitana kwa kazi zetu, akafuta miwani. Ile tumeiacha kwenye korido. Hii unayoisikia imeandikwa leo asubuhi kwa kalamu ya kuazima, karatasi ikiwa imeegemezwa mgongoni mwa Dereva wa Lori, naye hawezi kutulia. Kwa hiyo nikikwama mahali, laumu mgongo. Sababu ya kuandika upya utaisikia.

Kwanza tukupe pole. Uliposhuka garini sote tulikuwa dirishani. Watu wengine wangetazama suti. Sisi tuliona ulivyotoa mguu mmoja, ukashika mlango, ukauinua wa pili kwa mkono kama mtu anayebeba mzigo wa jirani. Tukatazamana. Kinyozi akasema, "Huyo wa kwetu, hajijui tu." Tusamehe, Mheshimiwa. Mtu akishabadilishwa goti, macho yake hayapandi tena juu ya kiuno cha mwenzake.

TULIKOTOKA

Chumba hiki kilikuwa stoo ya vitanda vibovu. Mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo, yule pale anayejificha nyuma ya pazia, alikiomba miaka mitatu iliyopita. Jina lake halisi lipo kwenye beji. Sisi tunamwita Dada Kunja, kwa sababu kuanzia anapofungua mlango ni "Kunja! Nyoosha! Kunja tena, hujafika!" Alimbembeleza fundi seremala wa hospitali akamtengenezea ngazi ile ya vipandio vinne, yenye mkono wa kushikilia. Alipata kiti cha gari lililokufa. Alileta hata choo cha kukalia, kile cha pembeni, na tunawaomba wageni wasidanganyike, hakijaungwa na bomba lolote.

Hapo ndipo tulipofundishwa. Kupanda ngazi, mguu mzima unatangulia. Kushuka, mguu uliopasuliwa unatangulia. Kuingia garini, makalio kwanza, miguu ifuate. Ni maneno mepesi, lakini jaribu kuyakumbuka ukiwa na maumivu, mvua inanyesha, na mkwe wako ameshika mlango wa gari anakutazama.

TULIYOYAWEZA

Dereva wa Lori amerudi barabarani. Mpishi wa bweni anainama kwenye oveni na kuinuka bila kumwita mtu. Kinyozi anasimama asubuhi hadi jioni, na wateja wanalalamika kwamba sasa hana haraka, anamaliza habari zote za mtaa kabla hajamaliza kichwa. Mwalimu Mstaafu alimpigia simu mwanawe kumwambia, "Leo nimevaa soksi mwenyewe, zote mbili." Mwanawe akamuuliza, "Baba, uko na nani hapo? Mpe simu."

Nami katibu, muuza mitumba, nimerudi kuchutama kwenye robota langu la nguo. Kwa miezi niliuza nikiwa nimekaa juu ya stuli ndefu kama hakimu, umbea wote ukipita chini yangu. Mheshimiwa, huwezi kujua mateso hayo.

KILICHOTUACHA MIDOMO WAZI

Sasa tufike penyewe. Yuko mwenzetu tunamwita Mama Mapazia. Anashona mapazia kwa cherehani ya miguu, ile ya kukanyaga. Alipasuliwa wiki tisa zilizopita. Wiki tano za kwanza hakufika humu, kwa sababu siku ya kutoka wodini palikuwa na msongamano, akapewa karatasi ya mazoezi, akaambiwa, "Mama, fuata hii, utapona."

Akaifuata. Mumewe, Mzee wa Posta, ni mtu wa utaratibu. Miaka thelathini amepanga barua. Aliibandika ukutani. Picha ya kwanza, na ndiyo pekee iliyoonekana vizuri, inaonyesha mtu amelala na mto chini ya goti. Basi kila mkewe alipojilaza, mchana au jioni, mzee aliugonga mto ukafura, akauingiza chini ya goti taratibu, akauliza, "Hapo sawa, mama?" Naye akajibu, "Hapo raha, baba." Ilikuwa raha kweli. Kwa wiki tano mguu haukunyooka, wala haukukunjwa, ukaganda umepinda kidogo vilevile kama bawaba yenye kutu.

Alipoletwa humu kwa kiti cha magurudumu, Dada Kunja alimpima kwa rula yake ya pembe. Alikunja nyuzi hamsini na tano. Mtu anahitaji kama tisini kukaa kwenye kiti cha kawaida, na zaidi kidogo kuinuka. Dada Kunja akauliza, "Mto mnauweka wapi?" Mzee wa Posta akajibu kwa fahari, "Chini ya goti, kama mlivyoagiza." Akatoa mfukoni karatasi aliyoibandua ukutani.

Dada Kunja akaitazama. Kisha akaenda kabatini akatoa nakala ya awali. Mheshimiwa, kwenye nakala ya awali mto uko chini ya kisigino, goti liko hewani, linajinyoosha lenyewe. Picha hiyo imetolewa nakala ya nakala ya nakala, mwaka baada ya mwaka, mpaka kisigino kikafutika pamoja na nusu ya chini ya mguu. Mguu ukabaki mfupi, mto ukabaki mahali pake, na kwa anayetazama umekaa chini ya goti kabisa.

Tukaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe. Wewe mto uliweka wapi? Na wewe? Watu tisa kati ya kumi na wanne walikuwa wameuweka chini ya goti. Sisi wengine tulipona kwa sababu tulifika humu mapema tukakemewa. Mzee wa Posta alikaa kwenye ngazi ya mazoezi, akasema polepole, "Kumbe mimi ndiye niliyemfunga mke wangu mguu?" Dereva, ambaye huwa na jibu kwa kila kitu, alienda kutazama nje dirishani.

Tangu siku hiyo Mama Mapazia hajakosa zamu. Analia, anamtukana Dada Kunja, anamwomba radhi, anaendelea. Amefika nyuzi themanini na mbili. Baada ya wiki tatu daktari mpasuaji atamwona tena. Asipofika tisini, atalazwa usingizi wa dawa na goti lake likunjwe kwa nguvu, halafu aanze maumivu upya kutoka mwanzo. Ametuambia wazi, "Mara ya pili sirudi. Heri niuze cherehani."

Hayo tulishayazoea. Leo saa mbili asubuhi tumefika na nguo zetu nzuri, tukakuta tangazo mlangoni. Mpishi ndiye aliyelisoma kwa sauti. Kwamba kuanzia Jumatatu chumba hiki kitakuwa ukumbi mdogo wa mikutano ya Bodi. Kwamba vifaa vitahifadhiwa. Kwamba kila mgonjwa wa goti, namnukuu neno kwa neno, "atapewa karatasi ya mazoezi ya kufanyia nyumbani."

"Karatasi gani?" Kinyozi akauliza.

"Imebandikwa hapa chini, mfano wake."

Tukainama wote kumi na wanne. Ni ileile, Mheshimiwa. Mtu hana kisigino. Mto uko chini ya goti.

Mzee wa Posta aliweka kidole kwenye picha, palepale penye mto. Kisha tukaona sahihi iliyo chini ya tangazo, na tukaona jina lililoandikwa kwenye kadi ya mwaliko ya mgeni rasmi, na yote mawili ni jina lako. Tulishtuka mpaka mtu akasema, "Labda kuna wawili." Tuliipenda fikra hiyo kwa dakika nzima.

TUNACHOOMBA

Hatuamini kwamba uliiona picha hiyo. Tunaamini uliletewa faili, ukaonyeshwa mstari, ukatia kalamu, kama mtu yeyote mwenye mafaili mengi. Basi tunaomba uiondoe karatasi hiyo leo, wodini na kila ilipo, kabla mume mwingine mwema hajaingia dukani kununua mto mnene zaidi. Na tunaomba chumba kibaki. Mikutano inaweza kufanyika popote penye viti. Goti la mtu anayeogopa linakunjwa mahali pamoja tu, mbele ya watu waliokwisha kulia hapo.

Ombi la mwisho ni dogo, na ni la sasa hivi. Leo ni Ijumaa, zamu ya Mama Mapazia ilikuwa saa nne. Ameambiwa imefutwa kwa sababu ya ugeni. Kwa tangazo lile, hiyo ndiyo iliyokuwa zamu yake ya mwisho.

Mheshimiwa, hiyo iliyo mbele yako yenye kitambaa cheupe, maua na chupa za maji, si meza. Ni kitanda cha mazoezi cha Dada Kunja. Tumekipamba wenyewe jana, tukiwa hatujui kitu. Tunaomba ruhusa yako tukivue kitambaa. Wewe usiondoke, baki hapohapo kwenye kiti chako. Atapiga kelele, usishtuke. Hesabu naye mpaka kumi kama tunavyofanya sisi. Dada Kunja akishasoma rula kwa sauti, ndipo utupe jibu.

Mwenyezi Mungu akujalie uzima, akupe moyo wa kusikia na wepesi wa kurekebisha. Ndimi sisi, Kikundi cha Magoti Mapya, wote kumi na wanne tukiwa hapa mbele yako.

Kinyozi, pokea maua. Mzee wa Posta, mshike mkono mkeo. Mama Mapazia, pita, mama. Zamu yako imefika.